Mulwa na Mkate wa Atta

Tangu aje Nairobi kutoka Kitui, Mulwa alikuwa amesema uongo mmoja tu wa maana, na kwa bahati mbaya ulikuwa uongo wa kuliwa. Alisema alikuwa mpishi wa Wazungu.

Hakuusema kwa ubaya. Siku alipohamia Kawangware, mwaka wa 1967, akiwa na sanduku la bati na shati moja la kanisani, mtu fulani kwenye foleni ya mfereji alimwuliza alikokuwa alifanya kazi gani, naye akasikia jibu likimtoka kabla hajalikagua: mpishi. Ukweli ni kwamba katika nyumba ya Wazungu kule Lavington alikuwa mtu wa kuni na vyombo. Aliwasha stovu, akazoa majivu, akaosha sufuria, miaka sita bila kupumzika. Mpishi alikuwa mtu mwingine kabisa, Mmaragoli aitwaye Shivachi, mwenye aproni nyeupe na sauti ya kuamrisha. Memsabu, mwenye nyumba, na mumewe walipouza kila kitu wakarudi kwao, Shivachi alipewa barua nzuri ya kazi. Mulwa alipewa sufuria mbili na blanketi.

Basi jina likamshika. Kawangware nzima, kuanzia sokoni hadi Riruta Satellite, alijulikana kama Mpishi. Na kwa kuwa mtu hawezi kuitwa Mpishi miaka saba bila kupika, alijifunza. Alijenga tanuri la pipa na udongo nyuma ya ploti alikopanga, karibu na choo, akaanza kuoka mkate mweupe, ule aliokuwa ameuona ukikandwa na Shivachi huku yeye akisugua masinia pembeni. Mkate wake ulikuwa mzuri, hilo lazima lisemwe. Mafundi wa ujenzi waliupenda. Tatizo lilikuwa mvua. Ikinyesha, tanuri linalowa, na Mpishi anashinda amekaa akiangalia unga ukiharibika.

Mwenye ploti alikuwa mjane aitwaye Wacera, ambaye wapangaji wote walimwita Mama Ndungu. Ardhi ile ilikuwa ya ukoo wa mumewe tangu hakuna barabara wala mabati, na yeye mwenyewe alitembea juu yake kama mtu anayejua kila jiwe lilipo. Alipenda vitu viwili duniani: chai ya maziwa na mkate. Kisha mwaka wa 1974 akapatikana na ugonjwa wa sukari, na daktari akamwambia aache vyote viwili, au kama lazima ale mkate, ale ule wa atta, wa ngano nzima, wenye pumba zake.

"Sukari nimeacha," Mama Ndungu alimwambia Mulwa, akiwa amesimama mbele ya tanuri na mikono kiunoni. "Hiyo sikulia. Lakini mkate, Mulwa, hiyo nimelia. Si wewe ulikuwa unapikia Wazungu?"

"Ndiyo, Mama Ndungu."

"Na si Wazungu walikuwa wanakula ile mkate ya rangi ya udongo?"

"Walikula sana. Kila Alhamisi."

"Na ni wewe ulikuwa unapika?"

Hapo palikuwa na nafasi. Nafasi pana, mlango uko wazi, mtu mwenye akili angepita akaenda zake. Mulwa akasema, "Ni mimi."

Mama Ndungu akafurahi hadi akamshika mkono. Kile chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa kimebaki wazi tangu fundi cherehani ahame. Gachanja, mchinjaji, alikuwa anakitaka kwa udi na uvumba afungue bucha. Lakini Mama Ndungu alisema angependelea kuamka kwa harufu ya mkate kuliko ya matumbo. Akatoa siku: Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kama Mulwa atamletea mkate wa atta uliofura vizuri, chumba ni chake na tanuri lake lijengwe humo humo chini ya paa. Akishindwa, Gachanja aingie.

Mulwa alikitaka kile chumba kuliko alivyowahi kutaka kitu. Mkewe Mukai alikuwa Kitui miaka yote hiyo akingoja kuambiwa kuna mahali pa kuja, na kitanda kando ya choo si mahali. Kila akipita barabarani alikitazama kile chumba, akaona meza hapa, tanuri pale, Mukai amesimama mlangoni akiongea na wateja kwa Kikamba hata kama hawakielewi. Wiki tatu zilimtosha. Mkate ni mkate, alijiambia.

Mkate si mkate. Hilo alilijua siku ya kwanza.

Alinunua unga wa atta, ule ule ambao watu huupikia chapati za kahawia, akapima kama anavyopima unga mweupe, akatia maji yale yale, chumvi, sukari kidogo na hamira. Akakanda. Unga ukamng'ang'ania vidoleni. Sasa, Mulwa alilelewa na mama ambaye ugali wake ungeweza kusimama wenyewe mezani ukisubiri wageni. Kwao, kitu kilichokandwa au kusongwa kikibaki kinanata, mpishi hajamaliza kazi, na watu watasema. Kwa hiyo alifanya kile ambacho mtu yeyote wa Kitui, na hata wa Kiambu, angefanya: akaongeza unga mkavu. Ukanata tena, akaongeza tena. Alipomaliza mikono yake ilikuwa safi na donge limekaa pale zuri, gumu, linang'aa. Akalifunika kwa kitambaa, akangoja. Likafura kidogo sana, kama mtu anayevuta pumzi halafu akasahau. Lilipotoka tanurini lilikuwa tofali.

Mama Ndungu aliligonga kwa kijiko. Likajibu.

"Hii ni ya kujengea ama ya kula?"

"Tanuri halikuwa na moto wa kutosha," Mulwa akasema.

Lakini peke yake hakujidanganya. Kuna watu wakishindwa hukasirika, na wengine hulala. Mulwa alishikwa na udadisi. Ni kitu gani kilichokuwa ndani ya huu unga kikiuzuia kupanda, na mwenzake mweupe, aliyetoka kwenye ngano hiyo hiyo, anapanda bila kuombwa? Alichukua mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia, akaitia unga wa aina tatu, mmoja wenye hamira ya kawaida, wa pili hamira mara mbili, wa tatu hamira ya kawaida lakini akauweka juu ya bati kwenye jua. Kila mkebe akauchora alama ya makaa kwa ndani kuonyesha unga umeanzia wapi. Kisha akaketi kwenye kigoda akaitazama, na wapangaji waliokwenda msalani wakampita wakiuliza kama kuna mgonjwa.

Wa hamira mara mbili ulipanda haraka haraka hadi akasimama kwa furaha. Kisha katikati yake ukabonyea, ukazama, ukanuka kama pombe ya busaa. Wa kwenye jua ulipanda upande mmoja. Wa kawaida ulibaki pale pale kwenye alama yake, umetulia kabisa.

Wiki ya pili alifanya jambo ambalo hakulisimulia kwa furaha. Alichekecha. Alichukua chekecheke, akautoa ule unga pumba zote, akaokea ule ulaini uliobaki, na mkate ukapanda vizuri kabisa. Alimpelekea Mama Ndungu asubuhi akiwa amevaa lile shati la kanisani. Mama Ndungu akaukata, akauinua kwenye mwanga, akautazama kama anayetafuta nywele.

"Mulwa. Pumba iko wapi?"

"Iko ndani."

"Iko ndani wapi? Mimi niliambiwa na daktari dawa ni hiyo pumba. Hii ni mkate nyeupe umeoshea na chai." Akamrudishia sahani. "Nyumba yangu nzuri nitaipa mtu ananidanganya juu ya mkate?"

Mulwa aliondoka na aibu imemjaa hadi masikioni. Ile kuambiwa anadanganya juu ya mkate ilimuuma zaidi kwa sababu Mama Ndungu hakujua alikuwa karibu kiasi gani na ukweli. Ikabaki wiki moja. Pale mlangoni pa chumba cha mbele alimkuta Gachanja akipima ukuta kwa mkono, akihesabu ndoana ngapi zitatosha.

Kulikuwa na mtu mmoja tu Nairobi aliyeweza kumsaidia, na ndiye mtu ambaye Mulwa alikuwa amemkwepa miaka saba. Alisikia kwamba Shivachi aliishi Kibera, upande wa Silanga, alikolima mboga kando ya bwawa. Jumatano akafunga tanuri, akaenda kwa miguu hadi Kibera, akapita Mashimoni akiulizia kwa wauza maji na wauza makaa, na kila hatua akajiuliza atamwambia nini.

Alimkuta amepiga magoti katikati ya sukuma wiki, akipalilia kwa kisu cha jikoni. Mgongo wake ulikuwa umepinda, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Mulwa! Simama hapo hapo, usinikanyagie mboga. Umekuwa mnene. Nani anakulisha?"

Walisalimiana sana. Shivachi aliuliza juu ya Kitui, juu ya Mukai, juu ya mvua. Mwishowe Mulwa akaleta neno. "Mzee Shivachi, nataka unifundishe ile mkate ya atta ya memsabu."

Shivachi akacheka hadi akakaa chini. "Ile? Mimi sijawahi kuishika. Memsabu alikuwa hataki mtu aguse. Alikuwa anapika mwenyewe kila Alhamisi, na mimi nilikuwa nafurahi, nilienda nje kunywa chai. Miaka mingi nimeona hiyo mkate ikipita mlangoni kwenda mezani. Hata kuonja sijaonja."

Mulwa akachuchumaa kando ya mboga. "Basi hakuna mtu anajua."

"Wewe ndiye ulikuwa karibu nayo."

"Mimi? Mimi nilikuwa naosha vyombo."

"Ndiyo. Na kila Alhamisi ulikuwa unanuna." Shivachi akaanza kumwigiza, midomo mirefu, mabega juu. "'Mzee, hii bakuli ya leo ni ya shetani. Ile ya mkate nyeupe namwagilia maji inatoka. Hii imeshika kama gundi, nimekwaruza mpaka kucha zimeisha.' Si wewe? Kila Alhamisi! Nilikuwa nakuambia loweka, na wewe hutaki kuloweka."

Mulwa akazitazama kucha zake. Alikumbuka. Alikumbuka lile bakuli kubwa la kauri na ule uji mzito uliokauka kwenye kuta zake, na jinsi alivyouchukia. Kama unga wa memsabu ungekuwa donge gumu na safi kama lake, bakuli lingebaki safi pia. Kumbe unga ule ulinata! Yule mama aliuacha unate kwa makusudi, na hakuona haya.

Mengine yakaanza kumjia moja baada ya jingine, vitu alivyoviona kwa miaka sita bila kuvitazama. Memsabu aliagiza maji ya uvuguvugu mapema, muda mrefu kabla ya kuagiza stovu iwashwe. Alichanganya unga na maji, akafunika kwa kitambaa kibichi, akaenda kwenye maua yake, na Mulwa alidhani amesahau. Aliporudi ndipo alipotia hamira. Na kando ya bakuli palikuwa daima na kibakuli cha maji. Mulwa aliwahi kuyamwaga akidhani ni ya kunawa, akagombezwa vibaya. Hayakuwa ya kunawa. Alikuwa akichovya mikono humo ili akande bila kuongeza unga.

"Mzee Shivachi," akasema taratibu, "pumba inakunywa maji."

"Inakunywa nini?"

"Inakunywa maji, na mimi nimekuwa nainyima. Halafu nikitia hamira, unga hauna nguvu ya kuvutika. Lazima ipewe maji mingi na ipewe nafasi ikunywe kwanza." Alikuwa karibu kupiga kelele. "Mimi nimekuwa nasonga ugali!"

Shivachi akamtazama kwa makini. "Na kwa nini unatafuta hii kitu hivi, kama mtu amepoteza mtoto?"

Hapo Mulwa akamweleza yote, hadi lile jina. Alipolitamka aliangalia mboga. "Huko Kawangware wananiita Mpishi."

Shivachi alifuta kisu kwenye suruali. Alikuwa amepikia Wazungu miaka thelathini na moja. "Hiyo Jumamosi nitakuja," akasema. "Nataka nionje hiyo mkate kabla sijakufa." Mulwa alirudi nyumbani akiwa na furaha na hofu kwa kiasi kile kile.

Alhamisi alijaribu. Alitia maji hadi unga ukalegea, ukawa kitu ambacho mama yake angekimwagia kuku. Akaufunika kwa kitambaa kibichi, akaenda kupasua kuni. Aliporudi akachovya vidole ndani, akavuta, na unga ukavutika. Haukukatika. Alisimama pale akiuvuta na kuuachia, akiuvuta na kuuachia, akicheka peke yake. Kisha akatia hamira aliyoiloweka, akakanda kwa mikono yenye maji, akikunja na kugeuza. Mara mbili mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa unga mkavu, na mara mbili akaurudisha. Ukapanda kupita alama ya makaa. Mkate wa kwanza aliuchelewesha akitaka upande zaidi, ukazama kidogo tanurini. Ijumaa aliuwahi, akautia motoni ukiwa bado una hamu ya kupanda, na huo ukatoka umeinua kichwa juu ya mkebe.

Jumamosi saa nne asubuhi walikuwa katika chumba cha mbele. Mama Ndungu alikaa kwenye kiti cha pekee. Gachanja alisimama mlangoni na ndoana zake ndani ya gunia, maana alikuja tayari. Mulwa akaweka mezani mkate aliouoka alfajiri, akaukata. Ndani ulikuwa na vijitundu, na pumba zilionekana wazi kila mahali. Mama Ndungu akaubonyeza kwa kidole, ukarudi. Akautia mdomoni, akafumba macho, akatafuna polepole sana.

Ndipo Shivachi akaingia, amevaa koti, kofia mkononi.

"Huyu mzee ni nani?" Mama Ndungu akauliza, mkate mdomoni.

Mulwa akaanza kupangusa makombo mezani.

"Tulifanya kazi nyumba moja na Mpishi," Shivachi akajibu, akimwelekezea Mulwa mkono kwa heshima.

"Aa! Na wewe ulikuwa unafanya nini huko?"

"Mimi, mama?" Shivachi hakusita hata kidogo. "Mimi nilikuwa naosha vyombo."

Gachanja hata hakugeuka kumtazama. Mwosha vyombo si mtu wa kutazamwa. Mama Ndungu alimwitikia kwa kichwa kwa adabu kidogo, akarudi kwenye mkate wake. Na Shivachi akabaki amesimama karibu na ukuta, kwa sababu hakuna aliyemkaribisha kukaa. Mulwa alimwona pale, mtu wa aproni nyeupe, miaka thelathini na moja ameivua mwenyewe na kumpa yeye, na moyo wake ukamuuma kuliko alivyodhani moyo unaweza kuuma kwa ajili ya chumba.

"Si kweli," akasema.

"Nini si kweli?"

"Mama Ndungu, huyu ndiye mpishi. Mzee Shivachi. Mimi ndiye nilikuwa naosha vyombo. Sijawahi kuwa mpishi hata siku moja. Niliwadanganya."

"Mulwa, nyamaza," Shivachi akanong'ona.

"Sinyamazi, mzee."

Gachanja akaangua kicheko, akaweka gunia chini likalia kwa chuma. "Sasa hata mpishi hayuko! Mama Ndungu, si nilikuambia?"

"Wewe ngoja." Mama Ndungu alikuwa ameacha kutafuna. Alimtazama Mulwa muda mrefu, na haikuwa sura nzuri. "Miaka saba unanidanganya."

"Ndiyo."

"Huyo memsabu alikufundisha hii mkate?"

"Hapana. Aliniachia bakuli chafu tu."

"Ni huyu mzee alikufundisha?"

"Mimi hata sijui inatengenezwaje, mama," Shivachi akasema. "Nimekuja kuonja."

"Basi ni mkate ya nani?"

Kila swali la Mama Ndungu juu ya mkate, hadi asubuhi ile, Mulwa alikuwa amelijibu kwa uongo. Hili halikuhitaji uongo. "Ni yangu," akasema.

Mama Ndungu akauvuta mkate karibu. Akachukua kipande cha pili, bila kuulizwa, akakila chote. Akapangusa vidole kwenye kanga.

"Gachanja, beba ndoana zako," akasema. Kisha akainuka, akakivuta kile kiti cha pekee, akakisukuma hadi alipokuwa amesimama Shivachi. "Kaa, mzee. Na wewe Mulwa, mkatie mpishi."

Mulwa akashika kisu, akakata.